Mavazi ya snoubodi

Mavazi ya snoubodi ni nguo za baridi zilizobuniwa kwa ajili ya watu wanaoteleza juu ya theluji wakiwa wamesimama kwenye ubao mmoja, mchezo uitwao snoubodi. Pamoja na nguo za skii (kuteleza kwa mbao mbili, moja kwa kila mguu), zimekuwa pia mavazi ya mitaani na ya starehe, yanayovaliwa hata na watu wasioteleza kabisa. Hutambulika kwa upana wake, rangi kali, michoro ya mzaha, kofia kubwa iliyoungwa shingoni na mifuko mingi.

Katika Afrika Mashariki nguo hizi hufika hasa kama mitumba. Kwenye nyanda za juu zenye baridi na upepo, kwa mfano Mkoa wa Singida katikati ya Tanzania, jaketi lililoshonwa kwa ajili ya mteremko wa theluji huvaliwa na dereva wa bodaboda, mlinzi wa usiku au mchungaji. Huko Marekani au Ulaya lilikuwa nguo ya mchezo, lakini hapa ni nguo ya kazi.

Asili

Mchezo wa skii ni wa kale sana katika nchi za kaskazini kama Norwei, ambako ulikuwa njia ya kusafiri kabla ya kuwa burudani. Snoubodi ni changa zaidi. Mwaka 1965 mhandisi Sherman Poppen wa Muskegon, jimbo la Michigan, Marekani, aliunganisha mbao mbili za skii ili binti zake wateleze wakiwa wamesimama kama wachezaji wa mawimbi ya bahari. Chombo hicho kiliitwa Snurfer na kikauzwa kama kitu cha kuchezea watoto. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter alianzisha kampuni ya Burton katika jimbo la Vermont, na ubao ukaanza kutengenezwa kama kifaa cha kweli cha michezo.

Mwanzoni vituo vingi vya skii viliwakataa wenye ubao. Walionekana kuwa vijana wakorofi wanaohatarisha wengine, na mavazi yao yaliongeza shaka hiyo. Wakati watu wa skii walivaa suti za kubana mwili, vijana wa snoubodi walivaa suruali pana na fulana kubwa kama zile za wachezaji wa ubao wa magurudumu na wasanii wa hip hop. Upana huo ulikuwa na faida pia: mwenye ubao hukaa chini kwenye theluji mara kwa mara kufunga kamba za buti, na huhitaji nafasi ya kuchuchumaa na kuruka. Hata hivyo, kwa kiasi kikubwa ulikuwa tangazo la kundi gani mtu anatoka. Ubaguzi huo haujaisha kabisa. Vituo vitatu vya Marekani, yaani Alta na Deer Valley katika jimbo la Utah na Mad River Glen huko Vermont, vimeendelea kuwakataza wenye ubao hadi karne ya 21.

Snoubodi iliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1998 huko Nagano, Japani.

Miji ya skii na sherehe zake

Mji wa skii ni mji mdogo wa milimani ambao uchumi wake hutegemea theluji. Kwa miezi minne au mitano wageni hujaa, kisha hoteli hubaki tupu. Sherehe za majira ya baridi zilianza kama njia ya wenyeji kujiliwaza wakati wa baridi ndefu, na baadaye zikawa pia njia ya kuvuta wageni.

Kati ya zile za zamani Marekani ni karnivali ya Steamboat Springs, jimbo la Colorado, iliyoanza mwaka 1914 kwa juhudi za Carl Howelsen, mhamiaji kutoka Norwei. Katika sherehe hiyo watoto huvutwa na farasi kwenye barabara kuu wakiwa juu ya mbao za skii, bendi ya shule huandamana ikipiga muziki huku ikiteleza, na usiku mtu mmoja hushuka mlima akiwa amevaa vazi lenye taa na fataki. Aspen, katika jimbo hilohilo, ina sherehe yake tangu mwaka 1951. Breckenridge ilianza yake mwaka 1963 kwa heshima ya Ullr, mungu wa kale wa theluji katika simulizi za watu wa Skandinavia, na washiriki hutembea mjini wakiwa na kofia zenye pembe. Huko Whistler, Kanada, tamasha kubwa la skii na snoubodi lilianza mwaka 1996, likichanganya mashindano, muziki, filamu na mitindo ya mavazi.

Mavazi ni nusu ya sherehe hizi. Mwisho wa msimu, kwa kawaida mwezi Aprili, miji mingi huwa na siku ya mzaha ambapo watu huteleza wakiwa wamevaa nguo zilizopitwa na wakati: suti za kipande kimoja za miaka ya 1980 zenye rangi ya waridi na kijani kali, suruali za jinzi, hata magauni na mavazi ya wanyama. Nguo hizo hutafutwa katika maduka ya hisani yanayouza nguo zilizotumika. Jaketi ambalo halikumpata mteja katika maduka hayo mara nyingi ndilo linalofungwa katika belo na kuuzwa nchi za nje.

Mzaha huu umefika hata kwenye mashindano makubwa. Katika Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, timu ya snoubodi ya Marekani ilivaa majaketi ya mirabaraba na suruali zilizoonekana kama jinzi kuukuu zilizochanika, kumbe kitambaa kilikuwa cha kisasa kisichopitisha maji na mipasuko ilikuwa imechorwa tu.

Sehemu za jaketi na kazi zake

Mtu anayenunua jaketi la aina hii mnadani hukuta vitu ambavyo havina maelezo. Kila kimoja kina sababu yake.

Mfuko mdogo kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja, ni wa kadi ya kupandia lifti. Katika vituo vingi kadi husomwa na mashine langoni, na mtelezaji husogeza mkono tu bila kuvua glavu. Kabla ya kadi hizo, tiketi ya karatasi ilibandikwa kwenye waya mwembamba uliopitishwa kwenye zipu au kitanzi cha jaketi. Baadhi ya nguo za mitumba bado zina waya huo, au kipande cha tiketi chenye jina la mlima na tarehe.

Kitambaa chenye mpira kinachozunguka kiuno kwa ndani, ambacho wengi hukikata wakidhani ni bitana lililochomoka, huzuia theluji isiingie mwilini mtu anapoanguka. Kwa mwendesha pikipiki kitambaa hichohicho huzuia upepo usipande kutoka chini, hivyo ni hasara kukikata. Zipu za kwapani hufunguliwa ili kutoa joto na jasho. Kofia ni kubwa kupita kiasi kwa sababu imepimwa ivaliwe juu ya kofia ngumu. Mfuko wa wavu ulio ndani ni wa miwani mikubwa. Kitambaa laini kilichofungwa kwa kamba mfukoni ni cha kufutia miwani hiyo.

Baadhi ya majaketi yana kibandiko kidogo kigumu kilichoandikwa RECCO. Hicho ni kiakisi kilichobuniwa Sweden ambacho hurudisha mawimbi ya redio ya waokoaji mtu anapofukiwa na maporomoko ya theluji. Hakina betri, na hakiwezi kutumiwa kumfuatilia mtu kwa simu.

Kilicho muhimu zaidi hakionekani. Vitambaa vya bei ya juu, ambavyo Gore-Tex ndicho kinachojulikana zaidi, vina utando wenye matundu madogo mno: tone la maji haliwezi kupita, lakini mvuke wa jasho hupita. Juu ya kitambaa kuna dawa inayofanya maji yateleze kama juu ya jani la myugwa. Dawa hiyo huisha kwa matumizi, na mabaki ya sabuni ya unga huidhoofisha zaidi. Nguo ikisuuzwa vizuri na kupashwa joto dogo, dawa iliyobaki huamka kwa kiasi. Pasi ya mkaa ni hatari kwake, kwani nailoni na poliesta huyeyuka. Kwa sababu hiyohiyo jaketi hili halifai kusogezwa karibu na jiko la mafiga au bomba la moshi la pikipiki. Cheche moja hutoboa tundu lisilozibika kwa sindano na uzi wa kawaida.

Dawa nyingi za kuzuia maji zilizotumika miaka ya nyuma zina kemikali za florini ambazo hazivunjiki upesi katika mazingira. Nchi kadhaa zimeanza kuzizuia katika nguo mpya, lakini nguo za zamani, zenye kemikali hizo, ndizo zinazozunguka katika soko la mitumba.

Njia ya kufika Afrika Mashariki

Nguo zinazotolewa kwa hisani Ulaya na Amerika ya Kaskazini haziuzwi zote huko. Zinazobaki hununuliwa kwa uzito na kampuni za kuchambua, hupangwa kwa aina na ubora, hushindiliwa kwa mashine na kufungwa katika mabelo, ambayo kwa soko la Afrika Mashariki huwa ya kilo 45 hivi. Wachambuzi kwa kawaida hutenga nguo nyepesi kwa nchi za joto. Wanaodhani kwamba Afrika yote ni joto husahau nyanda za juu za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki, ambako koti zito lina soko lake.

Nchini Tanzania mitumba ilizuiwa au kubanwa wakati wa Ujamaa, ambapo viwanda vya ndani kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, vilitegemewa kuvisha taifa. Biashara ya nje ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, nguo zilizotumika ziliingia kwa wingi. Watu waliziita "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba ni nguo za marehemu. Dhihaka hiyo imepungua nguvu. Siku hizi kijana akisema nguo ni ya mtumba huenda anaisifu, kwamba ni imara na hatamkuta mwenzake ameivaa.

Mfanyabiashara wa belo hununua bila kuona kilichomo. Belo la majaketi ni kamari kubwa kuliko belo la fulana, kwa sababu jaketi ni zito na kilo 45 hutoa vipande vichache tu. Zipu tatu zilizoharibika zinaweza kula faida yote. Kwa hiyo fundi cherehani na fundi zipu ni sehemu ya biashara hii kama muuzaji mwenyewe.

Katika Mkoa wa Singida

Mji wa Singida uko katika kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya maziwa ya Singidani na Kindai. Nchi ni wazi, nusu kame, yenye mawe makubwa na miti michache ya kukinga upepo. Wakati wa kipupwe, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa kutoka mashariki na kusini-mashariki huvuma kwa siku nyingi mfululizo, na usiku joto hushuka hadi karibu na nyuzi 15 za Selsiasi au chini yake. Upepo huo ndio uliofanya Singida kutajwa kwa miaka mingi kama mahali pa kuweka mitambo ya umeme wa upepo.

Nyuzi 15 si baridi kali kwa mtu aliyekaa ndani. Kwa mtu aliye juu ya pikipiki ni jambo tofauti. Mwili huzungukwa na tabaka jembamba la hewa ya joto, na upepo huliondoa haraka kuliko mwili unavyoweza kulitengeneza upya. Dereva anayekwenda kilomita 60 kwa saa dhidi ya upepo wa alfajiri hupoteza joto mfululizo. Vidole hufa ganzi, breki hushikwa kwa kuchelewa, na mtu anayetetemeka hana umakini wa kutosha barabarani. Sweta la sufi pekee halisaidii sana, kwa sababu upepo hupita katikati ya nyuzi zake. Kinachohitajika ni kitambaa kisichopitisha upepo, na hicho ndicho jaketi la theluji lilichotengenezewa.

Bodaboda ilipata nafasi rasmi katika usafiri wa abiria Tanzania kwa kanuni za leseni za mwaka 2010, na tangu hapo imekuwa njia kuu ya kufika vijiji vilivyo mbali na barabara za lami katika wilaya kama Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni. Madereva wengi wa nyanda za juu huvaa jaketi kinyumenyume, mgongo ukiwa mbele na zipu nyuma, ili upepo usipenye kwenye zipu. Sababu inayotajwa mara nyingi ni kuogopa nimonia. Kitabibu nimonia husababishwa na vijidudu wala si upepo wenyewe, lakini kuvaa hivyo kwa kweli hupunguza baridi kifuani. Tatizo ni kofia ya jaketi: ikiwa imegeuzwa mbele huweza kupeperuka usoni, na ikivaliwa chini ya kofia ngumu hufunika macho pembeni. Ni afadhali ifunguliwe zipu yake na kuondolewa, au ikunjwe ndani ya kola. Mikanda inayoning'inia kutoka kwenye suruali za snoubodi nayo hukatwa au kushonwa, isije ikanaswa na mnyororo.

Rangi zilizokuwa za mzaha katika miji ya skii zina faida hapa. Jaketi la rangi ya chungwa au kijani kali huonekana mbali kwenye vumbi na wakati wa magharibi kuliko koti jeusi.

Nguo hizi hufika Singida kwa barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na Dodoma, na kwa ile ya Arusha inayopitia Babati na Katesh. Huuzwa katika masoko ya mji na kwenye minada ya vijijini ambayo huzunguka kwa siku maalumu. Humwagwa juu ya turubai karibu na mahali panapouzwa mbuzi, kuku na vitunguu, na bei huanza juu asubuhi na kushuka kadiri jua linavyoinama. Kipupwe huangukia wakati wa mavuno ya alizeti, zao kuu la biashara la mkoa, kwa hiyo baridi na fedha hufika pamoja. Mwaka ambao mvua imekuwa haba, watu hurudi kwenye kinga za zamani zaidi: shuka zito, blanketi, sweta na kofia ya mzula.

Mlima Kilimanjaro

Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, ni mahali Tanzania ambako nguo za theluji hukutana na theluji yenyewe. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walishuka kutoka kileleni kwa skii. Sehemu moja ya barafu iliyopo juu ya mlima huitwa kwa jina la Furtwängler hadi leo, ingawa imebaki kidogo sana.

Wanaohitaji nguo hizo zaidi mlimani ni wapagazi. Mgeni hufika na jaketi la bei kubwa, ilhali anayembebea mzigo huweza kuwa na sweta na viatu vya raba tu. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, wenye ofisi Moshi na ulioanzishwa na shirika la International Mountain Explorers Connection la Colorado, huwaazima wapagazi bila malipo majaketi, suruali, glavu na buti zilizotolewa na watu wa nchi za nje.

Mjadala kuhusu mitumba

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba sokoni ndani ya miaka mitatu ili kufufua viwanda vya nguo. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizo katika mpango wa AGOA ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zililegeza msimamo. Rwanda ilikataa, ikabaki na ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

Wanaotaka mitumba izuiwe husema kwamba pamba ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi huku viwanda vikifungwa. Wanaoitetea hutaja ajira za wachuuzi na mafundi, na bei ambayo mtu wa kipato cha chini anaimudu. Majaketi ya theluji ni kesi ngumu katika mjadala huu. Fulana, kanga na sare za shule zinaweza kushonwa nchini kwa pamba ya nchini, na ziliwahi kushonwa. Jaketi la nailoni lenye utando wa kuzuia maji halikuwahi kuzalishwa na viwanda hivyo, na mtu wa Singida akilikosa mnadani, mbadala wake dukani ni jaketi jipya jembamba kutoka ng'ambo ambalo mara nyingi halidumu misimu miwili. Kwa upande mwingine, kitambaa kisichooza kikichakaa hakina pa kwenda isipokuwa jalalani, na dampo hilo liko Tanzania, si Colorado.

Waafrika Mashariki katika theluji

Tanzania haikushiriki Olimpiki yoyote ya majira ya baridi hadi ile ya mwaka 2022, lakini majirani wake wamewahi. Mkenya Philip Boit alishindana katika skii ya masafa huko Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei alimsubiri kwenye mstari ili ampongeze. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo.

Kwa upande wa snoubodi anayejulikana zaidi ni Brolin Mawejje, aliyezaliwa Uganda, akahamia Marekani akiwa mtoto na kujikuza katika mchezo huo huko Jackson, mji wa skii wa jimbo la Wyoming. Maisha yake yalielezwa katika filamu ya Far From Home ya mwaka 2014. Kwa Waswahili wanaoishi Ghuba, mahali pa karibu pa kujaribu mchezo huo ni Ski Dubai, jengo la theluji ya kutengenezwa lililofunguliwa mwaka 2005, ambako wageni huazimwa jaketi na suruali mlangoni na kuzirudisha wanapotoka.